Kutoka Dadu hadi Mnyororo: Historia ya Sheria ya Namba Kubwa na Michakato Nasibu

Nadharia ya uwezekano ni tawi la hisabati linalopima kwa namba, kati ya 0 na 1, matarajio ya kutokea kwa tukio lisilo na hakika, ambapo 0 ni kipimo cha tukio lisilowezekana na 1 ni kipimo cha tukio lisilo na shaka. Mwanafunzi anayeianza huikuta imekwisha kupangwa vizuri, aksiomu mwanzoni, nadharia katikati na matumizi mwishoni, na mpangilio huo humfaa mwalimu darasani. Hata hivyo, humficha mwanafunzi swali lililoisukuma taaluma hii mbele kwa karibu miaka 300. Swali lenyewe ni hili: jambo la nasibu, yaani lile ambalo tokeo lake halijulikani kabla halijatukia, linahitaji masharti gani ili liwe na utaratibu unaoweza kuthibitishwa? Historia inaonyesha kwamba hatua kubwa zilipigwa na watu waliochukua sharti ambalo watangulizi wao waliliona kuwa la lazima, wakathibitisha kwamba linaweza kulegezwa au kuondolewa kabisa, huku utaratibu ukibaki palepale.

Michezo ya dadu ni ya kale sana, lakini hesabu ya uwezekano si ya kale hivyo. Mwaka 1494 mtawa wa Kiitalia Luca Pacioli alichapisha kitabu cha hesabu kilichokuwa na swali la kugawa dau pale mchezo unapokatizwa kabla ya kupatikana mshindi, na jibu alilotoa, la kugawa kwa uwiano wa michezo ambayo kila mmoja amekwisha kushinda, halikuwaridhisha waliomfuata. Katika karne ya 16 tabibu na mwanahisabati Gerolamo Cardano aliandika kitabu kuhusu michezo ya bahati, akaeleza humo kwamba kinachostahili kuhesabiwa ni idadi ya matokeo yanayomfaa mchezaji ikilinganishwa na idadi ya matokeo yote. Lakini kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1663, wakati mwandishi amekwisha kufariki miaka mingi, na kufikia hapo wengine walikuwa wameipata njia hiyo wenyewe.

Wengine hao walikuwa Blaise Pascal na Pierre de Fermat, Wafaransa wawili walioandikiana barua mwaka 1654 kuhusu swali lilelile la kugawa dau. Katika mfano mmoja wa Pascal, wachezaji wawili wameweka kila mmoja sarafu 32 za dhahabu, na dau lote la sarafu 64 litachukuliwa na atakayetangulia kushinda mara 3. Mchezo unakatizwa wakati wa kwanza ameshinda mara 2 na wa pili mara 1. Fermat alionyesha kwamba mizunguko 2 zaidi ingetosha kumaliza mchezo kwa vyovyote vile, kwamba mizunguko hiyo ina matokeo 4 yenye uzito sawa, na kwamba matokeo 3 kati ya hayo yanampa ushindi mchezaji wa kwanza, kwa hiyo anastahili robo tatu ya dau, yaani sarafu 48, na mwenzake sarafu 16. Ubora wa jibu hilo ni kwamba halihesabu yaliyopita bali yanayoweza kuja. Christiaan Huygens, Mholanzi, aliyaendeleza mawazo hayo katika kijitabu kilichochapishwa mwaka 1657, akaliweka katikati wazo la tarajio, yaani wastani wa faida ambao kila tokeo limepewa uzito kulingana na uwezekano wake.

Hesabu hizo zote, hata hivyo, zilisimama juu ya sharti moja: matokeo ya msingi lazima yawe na uzito sawa, kama ilivyo kwa nyuso 6 za dadu lililotengenezwa vizuri. Sharti hilo halipo katika mambo mengi ya maisha, kwa kuwa hakuna anayeweza kuorodhesha matokeo yenye uzito sawa yanayoamua kama kijana wa miaka 20 atafikia miaka 60, au kama mvua itanyesha kesho. Aliyelikabili tatizo hilo ni Jacob Bernoulli wa mji wa Basel, Uswisi, ambaye aliuliza kama uwezekano usiojulikana unaweza kugunduliwa kwa kuhesabu yaliyotokea. Yeye mwenyewe alikiri kwamba kila mtu, hata asiyesoma, anajua kwa silika kuwa uchunguzi mwingi ni bora kuliko uchunguzi mchache. Kilichokosekana ni uthibitisho kwamba kwa kuongeza uchunguzi mtu hukaribia ukweli bila kukoma, badala ya kufika mahali ambapo shaka haipungui tena.

Bernoulli alilitafakari swali hilo kwa miaka 20, akafariki mwaka 1705 kabla ya kumaliza kitabu chake, *Ars Conjectandi*, yaani Sanaa ya Kukisia, ambacho kilichapishwa mwaka 1713. Nadharia iliyomo katika sehemu yake ya nne ndiyo msingi wa kile kinachoitwa leo sheria ya namba kubwa. Inasema kwamba kama jaribio linarudiwa mara nyingi chini ya hali ileile, na kila jaribio halitegemei mengine, basi uwezekano kwamba uwiano wa mafanikio yaliyoonekana utatofautiana na uwezekano wa kweli kwa zaidi ya kiasi fulani kidogo, kiasi chochote kile atakachochagua mtu, hupungua kuelekea 0 kadiri idadi ya majaribio inavyoongezeka. Bernoulli hakuishia kwenye kauli hiyo ya jumla, bali alikokotoa mfano: chombo kina kokoto 3,000 nyeupe na 2,000 nyeusi, kokoto moja hutolewa, rangi yake ikaandikwa, kisha ikarudishwa, je, itolewe mara ngapi ili iwe mara 1,000 rahisi zaidi kwa uwiano wa nyeupe kuangukia kati ya 29/50 na 31/50 kuliko kuangukia nje ya mipaka hiyo? Jibu lake lilikuwa mara 25,550, namba kubwa kiasi cha kumkatisha tamaa yeyote aliyetaka kuitumia njia hiyo katika mambo ya kweli.

Ukubwa wa namba hiyo ulitokana na makadirio ya Bernoulli, ambayo yalikuwa sahihi lakini mapana mno, na aliyeyabana ni Abraham de Moivre, Mfaransa Mprotestanti aliyekimbilia London kwa sababu ya mateso ya kidini. Mwaka 1733 alionyesha kwamba matokeo ya majaribio mengi ya namna hiyo hujipanga kandokando ya wastani kwa umbo la mchirizo unaofanana na kengele, ambao wanafunzi huujua leo kwa jina la mgawanyo wa kawaida, na kwamba upana wa mchirizo huo hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya majaribio. Maana yake ni kwamba anayetaka kupunguza kosa lake kwa nusu hana budi kuongeza majaribio mara 4. Pierre-Simon Laplace aliyakusanya na kuyapanua mambo hayo katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1812, na Siméon Denis Poisson, katika miaka ya 1830, ndiye aliyeipa sheria ya namba kubwa jina lake, akiieleza kwa namna inayoruhusu uwezekano kubadilika kutoka jaribio moja hadi jingine.

Hatua iliyofuata ilipigwa Urusi. Pafnuty Chebyshev, profesa wa St. Petersburg, alichapisha mwaka 1867 uthibitisho mfupi kiasi kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuufuata hadi mwisho. Uthibitisho huo unahusu kigeu nasibu, yaani idadi ambayo thamani yake huamuliwa na tokeo la nasibu, na unatumia mtawanyiko wake, ambao ni wastani wa vipeo vya pili vya tofauti kati ya thamani za kigeu hicho na wastani wake. Chebyshev alionyesha kwamba uwezekano wa kigeu kuachana na wastani wake kwa kiasi cha d au zaidi hauwezi kuzidi mtawanyiko ukigawanywa kwa kipeo cha pili cha d, kanuni ambayo Mfaransa Irénée-Jules Bienaymé alikuwa ameifikia kabla yake. Vigeu visivyotegemeana vinapojumlishwa, mitawanyiko yao hujumlishwa pia. Lakini jumla hiyo inapogawanywa kwa n ili kupata wastani wa vigeu n, mtawanyiko hugawanywa kwa kipeo cha pili cha n, na kwa hiyo, ikiwa mtawanyiko wa kila kigeu hauzidi mpaka fulani, mtawanyiko wa wastani huelekea 0. Sheria ya namba kubwa inapatikana papo hapo, bila kuhitaji matokeo yenye uzito sawa wala majaribio yanayofanana.

Sharti moja tu lilibaki bila kuguswa, nalo ni la kutotegemeana. Matukio mawili huitwa yasiyotegemeana pale ambapo kujua kwamba moja limetokea hakubadilishi uwezekano wa jingine, na toka enzi za Bernoulli sharti hilo lilichukuliwa kuwa nguzo ya jengo lote. Katika karne ya 19 lilipata pia uzito wa kifalsafa, kwa sababu Adolphe Quetelet wa Ubelgiji na wanatakwimu wengine walikuwa wameonyesha kwamba idadi ya ndoa na ya makosa ya jinai katika nchi hubaki karibu ileile mwaka hadi mwaka, jambo lililowafanya watu wajiulize kama binadamu ana hiari kweli katika matendo yake. Pavel Nekrasov, mwanahisabati wa Moscow ambaye kabla ya kuingia katika hisabati alisoma katika seminari ya kidini, alitoa jibu lake mwaka 1902: kwa kuwa wastani wa matendo ya watu haubadiliki, sheria ya namba kubwa inafuatwa, na kwa kuwa sheria hiyo, kwa maoni yake, haiwezi kufuatwa bila kutotegemeana, basi matendo ya watu hayategemeani, na huo ni ushahidi wa hiari.

Andrei Markov, aliyezaliwa Ryazan mwaka 1856 na kufundishwa na Chebyshev mwenyewe, aliona kosa la kimantiki katika hoja hiyo. Chebyshev alikuwa amethibitisha kwamba kutotegemeana kunatosha. Hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba ni lazima. Sharti linalotosha ni lile ambalo likiwepo, tokeo lipo. Sharti la lazima ni lile ambalo likikosekana, tokeo halipo. Na kuyachanganya mawili hayo ni kosa ambalo hata wanahisabati wazoefu hulifanya wanapotamani sana kufikia hitimisho fulani. Markov hakuwa mtu wa kunyamaza mbele ya kosa, wala hakuwa rafiki wa kanisa la dola, kwa kuwa mwaka 1912 aliliandikia rasmi akitaka lenyewe limtenge, baada ya mwandishi Leo Tolstoy kutengwa nalo mwaka 1901. Hata hivyo, jibu lake kwa Nekrasov halikuwa la kidini wala la kisiasa, bali lilikuwa nadharia ya hisabati, iliyochapishwa mwaka 1906.

Katika makala hiyo Markov aliunda mfuatano wa vigeu vinavyotegemeana kwa namna rahisi kadiri ilivyowezekana. Mfumo huwa katika mojawapo ya hali kadhaa, na katika kila hatua huhamia hali nyingine au hubaki ilipo, huku uwezekano wa kila uhamisho ukiamuliwa na hali ya sasa peke yake, bila kujali njia ambayo mfumo uliipitia kufika hapo. Mfuatano wa namna hiyo ndio unaoitwa mnyororo wa Markov, na ni mfano wa kwanza ambao mwanafunzi hukutana nao wa mchakato nasibu, yaani mkusanyiko wa vigeu nasibu vilivyopangwa kwa kufuata wakati. Pete za mnyororo huo zinategemeana, na kwa hiyo mtawanyiko wa jumla yake hupata nyongeza zinazotokana na uhusiano kati ya kila pete na nyingine. Lakini Markov alionyesha kwamba, chini ya masharti mepesi, uhusiano huo hufifia upesi kadiri pete zinavyozidi kuwa mbali, na nyongeza zote kwa pamoja hazikui kwa kasi zaidi kuliko idadi ya hatua. Hoja ya Chebyshev ikabaki hai, wastani ukatulia, na hoja ya Nekrasov ikakosa pa kusimama.

Mwaka 1913 Markov aliipatia nadharia hiyo mfano wa kweli. Alichukua herufi 20,000 za mwanzo za *Eugene Onegin*, riwaya ya kishairi ya Alexander Pushkin, akaziacha alama mbili za maandishi ya Kirusi zisizo na sauti yake, kisha akahesabu kwa mkono irabu na konsonanti. Irabu zilikuwa 8,638 na konsonanti 11,362, kwa hiyo uwezekano wa herufi kuwa irabu ulikuwa takriban 0.432. Kama herufi zingekuwa hazitegemeani, uwezekano huo ungebaki uleule bila kujali herufi iliyotangulia. Lakini irabu ilifuatwa na irabu nyingine mara 1,104 tu, uwezekano wa takriban 0.128, ilhali baada ya konsonanti uwezekano wa irabu ulikuwa takriban 0.663. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuweza kudhaniwa kuwa ya bahati, na inathibitisha kwamba herufi za maandishi zinategemeana.

Namba hizo tatu za uwezekano, 0.432, 0.128 na 0.663, zinastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna somo zima la minyororo. Kama p ni uwezekano wa irabu baada ya mnyororo kutulia, basi irabu inaweza kupatikana kwa njia mbili, ama baada ya irabu au baada ya konsonanti, na hivyo p lazima iwe sawa na 0.128 mara p ukijumlisha 0.663 mara (1 − p). Mlinganyo huo ukitatuliwa unatoa p sawa na 0.663 ikigawanywa kwa 1.535, yaani 0.432, namba ileile iliyopatikana kwa kuhesabu. Tena, tofauti kati ya 0.128 na 0.663 ni −0.535, na katika mnyororo wa hali mbili kumbukumbu ya herufi ya kwanza hupunguzwa kwa kuzidishwa kwa namba hiyo katika kila hatua. Baada ya hatua 10 ukubwa wake huwa chini ya 0.002, kiasi kwamba herufi ya kumi na moja haijali tena ya kwanza ilikuwa nini. Markov pia aliyagawa maandishi katika makundi 200 ya herufi 100, akaona kwamba mtawanyiko wa idadi ya irabu katika makundi hayo ulikuwa takriban sehemu moja ya tano ya ule ambao ungetarajiwa kama herufi zingekuwa hazitegemeani. Utegemeano, ambao Nekrasov aliudhania kuwa adui wa utaratibu, ulikuwa umeuimarisha utaratibu huo.

Mwaka huohuo, wakati dola ya Urusi inaadhimisha miaka 300 ya utawala wa ukoo wa Romanov, Markov aliandaa maadhimisho mengine katika Chuo cha Sayansi cha St. Petersburg: miaka 200 ya nadharia ya Bernoulli. Alifariki mwaka 1922, na katika maandishi yake hakuna dalili kwamba aliitarajia minyororo yake itumike nje ya hisabati na uchunguzi wa maandishi.

Wakati huohuo, michakato nasibu ilikuwa ikichipuka mahali pengine. Mjini Paris, mwaka 1900, Louis Bachelier alitetea tasnifu iliyochunguza kupanda na kushuka kwa bei katika soko la hisa, akaichukulia bei kuwa kigeu kinachosogea kwa nasibu katika wakati usiokatika. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwa hesabu ya aina hiyohiyo mtikisiko wa chembe ndogo ndani ya kimiminika, ambao mtaalamu wa mimea Robert Brown alikuwa ameuchunguza mwaka 1827, na akaonyesha kwamba umbali ambao chembe husogea hukua kwa kipeuo cha pili cha muda, kanuni inayorudia ugunduzi wa de Moivre katika sura mpya. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang wa Copenhagen alichapisha uchambuzi wa simu zinazopigwa kwa nyakati za nasibu, na mwaka 1923 Mmarekani Norbert Wiener aliujengea mtikisiko wa Brown msingi madhubuti wa kihisabati.

Kilichokosekana ni lugha moja ya kuyasema hayo yote. David Hilbert, katika mhadhara wake wa mwaka 1900 mjini Paris, alikuwa ameitaja nadharia ya uwezekano miongoni mwa fani zinazohitaji kuwekewa aksiomu, yaani kauli chache za msingi ambazo nyingine zote hutolewa humo kwa mantiki. Andrei Kolmogorov, Mrusi aliyezaliwa mwaka 1903, ndiye aliyeifanya kazi hiyo. Mwaka 1931 alichapisha makala iliyoipanua michakato ya Markov kwa wakati usiokatika, na humo alimtaja Bachelier. Mwaka 1933 akachapisha mjini Berlin kitabu kidogo kilichoweka misingi inayotumika hadi sasa: uwezekano wa tukio lolote si hasi. Uwezekano wa matokeo yote kwa pamoja ni 1. Na uwezekano wa muungano wa matukio yasiyoweza kutokea pamoja ni jumla ya uwezekano wao mmoja mmoja, hata kama mfululizo wa matukio hayo hauna mwisho. Katika misingi hiyo hakuna sharti la matokeo yenye uzito sawa, wala la kurudia jaribio, wala la kutotegemeana. Kutotegemeana kumekuwa fasili tu, jambo linaloweza kuwepo au kutokuwepo, na kinachofuata katika kila hali huthibitishwa.

Matumizi yalikuja upesi baada ya hapo. Mwaka 1948 Claude Shannon alitumia minyororo ya Markov kuyaeleza maandishi ya Kiingereza katika makala iliyoanzisha nadharia ya habari. Mwaka 1953 Nicholas Metropolis na wenzake, nchini Marekani, walichapisha njia ya kuunda mnyororo unaotulia katika mgawanyo unaotakiwa, ili kompyuta ikokotoe wastani ambao haupatikani kwa njia nyingine. Na mwaka 1998 Sergey Brin na Larry Page walichapisha maelezo ya namna ya kuzipanga kurasa za intaneti kwa umuhimu, wakimchukulia msomaji kuwa mtu anayehama kwa nasibu kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Kazi zote tatu zinasimama juu ya ukweli uleule uliothibitishwa mwaka 1906, kwamba mfuatano wenye kutegemeana unaweza kuwa na wastani unaotulia.

Mwanafunzi wa hisabati anayesoma kwa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kuushika ukweli huo kwa mikono yake. Karibu kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu, na konsonanti hufuatana kwa mipaka inayojulikana, kama katika mb, nd, sh na kw, kwa hiyo uwezekano wa uhamisho katika lugha hii hauna sababu ya kufanana na ule wa Kirusi cha Pushkin. Na achukue kurasa chache za maandishi ya Kiswahili, ahesabu irabu, konsonanti na jozi zake, atatue mlinganyo wa p, kisha alinganishe jibu na hesabu aliyoifanya. Na kila atakapokutana na nadharia mpya, aulize kama Markov alivyouliza, ni sharti gani kati ya yaliyotajwa ambalo ni la lazima kweli, na ni lipi ambalo linatosha tu.